Nilivyogeuka Mkaguzi wa Katekisimu Njiani Kwenda Houston

Wapendwa,

Tangu nirudi kutoka Houston mmenihoji kanisani, kwenye simu na hata kwenye foleni ya duka la vyakula, na kila mmoja wenu ameondoka na kipande chake. Juzi nimesimuliwa safari yangu mwenyewe na mtu ambaye hakuwepo, na katika masimulizi yake nilikamatwa na polisi. Sikukamatwa na mtu yeyote. Leo niko mapumzikoni, watoto wako shuleni, na nimeamua kuiandika yote mara moja ili tuishie hapo.

Kwa wale walioongezwa kwenye kikundi hivi karibuni: mimi ni Wakesho, Mtaita, nesi wa wodi ya wazee Fort Worth, mkazi wa Grand Prairie. Kwa miaka mitano sasa, nikitoka zamu, ninasomea shahada ya uzamifu katika historia ya Uswidi. Najua mnavyocheka. Mume wangu Mwadime huniita Mtaita wa Stockholm, na shangazi yangu kule Wundanyi bado anaamini ninasomea upasuaji ila naona haya kusema kabla sijamaliza.

Niwaambie basi kwa nini. Bibi yangu mzaa mama aliishi miaka mingi na hakuna karatasi hata moja duniani iliyokuwa na jina lake. Tulipomzika tulikisia mwaka wa kuzaliwa, na wajomba walibishana mpaka fundi wa msalaba akachoka kungoja. Halafu siku moja darasani hapa Texas nikaonyeshwa daftari la kanisa la kijiji kimoja cha Uswidi, la zamani sana, na humo kila mtu ameandikwa: mkulima, mjakazi, mchunga mbuzi, kichaa, mtoto wa nje ya ndoa. Nililia palepale, na wenzangu wakadhani nimepata habari za msiba.

Madaftari hayo yalitokana na desturi yao. Kila mwaka mchungaji alikwenda kijijini, watu wa nyumba za jirani wakakusanyika kwa mwenyeji mmoja, naye akaketi mezani na kuwaita mmoja mmoja, bwana na mtumishi, mkubwa na mdogo. Unasoma kitabuni mbele yake, unasema katekisimu, anakuandikia alama kwenye safu yako. Mtihani ukiisha, mwenyeji anawalisha wote. Sura kuu ya tasnifu yangu inamhusu mama mmoja wa huko aliyeitwa Kerstin. Kwa miaka mingi mchungaji alimwandika kuwa anasoma vizuri sana. Kisha akaja mchungaji mpya, na mwaka huohuo Kerstin akaandikwa kuwa hajui kusoma kabisa. Msimamizi wangu alisema mchungaji mpya alikuwa mkali tu. Mimi, kwa unesi wangu, niliandika kurasa arobaini kuthibitisha kwamba mama huyu alikuwa amepata mtoto wa jicho.

Kilichonipeleka Houston ni mahojiano ya Ijumaa saa nne asubuhi. Nafasi ilikuwa moja: mwaka mzima huko Uswidi, kusoma barua na karatasi za wachungaji ambazo hazijawekwa kwenye mtandao. Mara mbili nilikuwa nimeomba nafasi za namna hiyo nikakosa, na msimamizi wangu alikuwa ameniambia kwa upole kwamba bila karatasi zile kazi yangu itaishia njiani. Ndiyo maana siku zile nilikuwa sisikii nikiitwa.

Grand Prairie hadi Fort Worth

Jumatano jioni gari langu likafa. Habari za tiketi za ndege na mabasi msiniulize, hazina utamu. Aliyeniokoa ni Deo, yule Mrundi anayesukuma vitanda vya wagonjwa wodini kwetu kuwapeleka eksirei. Alikulia kwenye kambi za wakimbizi kule Kigoma, Kiswahili chake ni cha huko, na Alhamisi alikuwa anakwenda Houston kwa mama yake. Akasema nafasi ipo, nifike kwake Fort Worth saa mbili kamili.

Mwadime akanipeleka asubuhi, jua likiwa limetupiga mgongoni.

"Babe, Houston iko south," akasema. "Sisi tuna-drive west."

"Lifti haichaguliwi."

"Sawa. Lakini kesho wakikuuliza swali la jiografia, usijibu."

Niliona bora nicheke.

Fort Worth: kungoja muhogo

Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa Deo. Saa tatu nilikuwa bado niko mezani kwake, kwa sababu kulikuwa na unga wa muhogo ambao Mkongo mmoja alikuwa anauleta, na kwenda kwa mama bila unga ule ni afadhali usiende. Saa nne Mkongo akapiga simu kusema anatoka nyumbani. Mnajua maana ya kutoka nyumbani.

Mke wa Deo, Goreth, hakuniacha ningoje bure. Aliniletea maharage yaliyopikwa kwa mawese na bonge la ugali wa muhogo lililokaza kama jiwe la kusagia, tena asubuhi ile. Nikala kwa adabu, halafu nikala kwa njaa. Nikiwa nimeshiba na sina la kufanya, nikatoa karatasi zangu nidurusu. Zilikuwa nakala kubwa za kurasa za daftari lenyewe, zenye safu, majina na alama za mchungaji.

"Dada nesi, hiyo ni nini?" Deo akauliza.

"Daftari la kanisa. Padri anaketi mezani kwa mwenyeji mmoja, majirani wanakusanyika, anawapima kusoma na katekisimu, anaandika alama hapa. Kisha anaingia nyumba nyingine."

Nilisema padri kwa kuwa Deo ni Mkatoliki, nikaona ndiyo heshima. Na kwa kuwa nimeishi na watu wale kichwani miaka mitano, nimesahau kuwazungumzia kama marehemu.

"Na wewe ndiyo unashughulika na daftari hili?"

"Ndiyo kazi yangu. Kesho saa nne Houston wananingojea nieleze."

"Unaanza na nani?"

"Naanza na mama mmoja mzee. Alama zake zimeshuka ghafla. Wanasema hajui kusoma, mimi ndiye namtetea."

Deo akaacha kutafuna. "Mama mzee," akasema polepole. Akanawa mikono, akaenda kwenye roshani, akaongea Kirundi kwenye simu kwa muda mrefu. Kirundi mimi sikijui. Nilisikia tu neno katekisimu, tena zaidi ya mara moja, nikafurahi kwamba kazi yangu imempendeza.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba parokia ya mama yake ilikuwa imetangaza Jumapili iliyopita kuwa kuna watu watapita majumbani kuandikisha familia na kuulizia mafundisho ya watoto. Hawakusema watapita lini wala watatoka wapi. Na mimi siku hiyo, kwa kuogopa kuikunja begini, nilikuwa nimevaa kabisa sketi yangu ya mahojiano, ndefu, nyeusi, kama ya mtawa.

Barabara kuu, huku hita imewashwa

Tuliondoka saa tano na nusu. Garini tulikuwa mimi, Deo, magunia mawili ya unga, mfuko wa dagaa wakavu na kiti kimoja cha sebuleni. Hatujafika Ennis, mshale wa joto la injini ukapanda. Deo akafungua madirisha yote, kisha akawasha hita hadi mwisho.

"Deo, ni Agosti!"

"Injini ikitoa joto humu ndani, yenyewe inapoa. Vumilia Dada, mafundi wote wanajua."

Ni kweli mafundi wanajua, nimeuliza baadaye. Lakini siku ile nilikaa kwenye kiti cha mbele nikipulizwa na moto wa miguuni na moto wa dirishani, dagaa nyuma wakinukia, na usoni vipodozi vilivyogharimu asubuhi nzima vikiteremka shingoni. Deo yeye alikuwa na wasiwasi mwingine.

"Dada, mtu akisahau kidogo kwenye mtihani ule, anafukuzwa?"

Nikadhani anauliza habari za Uswidi. "Hafukuzwi," nikamwambia. "Lakini anaweza kunyimwa ndoa." Na ndivyo ilivyokuwa kwao, kijana asiyejua katekisimu hakufungishwa ndoa.

"Hata kama ameshaoa?"

"Aliyeoa tayari wanamwacha."

Deo akashusha pumzi ndefu. Baadaye nikamwona midomo inamcheza kimyakimya, nikadhani anaiombea injini.

Karibu na Corsicana ikabidi tusimame kwenye kituo cha mafuta, kwa kuwa sasa mvuke ulikuwa unatoka. Tukakaa pale zaidi ya saa mbili. Niliangalia saa mpaka nikaivua na kuiweka mkobani. Kwenye kivuli cha pampu akaja mzee mmoja Mzungu, kofia pana, mikono ya mtu aliyefanya kazi na mashine. Hakuuliza kitu, akafungua boneti, akatazama, akaenda kwenye gari lake na kurudi na galoni mbili za maji na kipande cha bomba la mpira. Alipokuwa anakaza bomba akaniuliza ninakwenda kufanya nini Houston, nikamwambia.

"Uswidi?" akasema, akainua uso. "Mama wa baba yangu alitoka huko."

Akasema hakurithi chochote kwake isipokuwa sala moja ya mezani, na kwamba huisema kila siku kabla ya kula ingawa hajui hata neno moja maana yake. Akavua kofia akaisema. Ilikuwa imelika pembe, maneno mengine yamegandana, lakini ilikuwa Kiswidi, nami niliielewa yote. Nikamweleza neno kwa neno: hapa anaomba baraka juu ya chakula, hapa anataja jina la Yesu. Yule mzee akarudisha kofia kichwani. Kisha akasema miaka yote ile alidhani neno la mwisho ni jina la mbwa wa bibi yake.

Akakataa kupokea hata soda. Na Deo, aliyesimama mlangoni mwa duka akiona kwa mbali Mzungu anavua kofia na kusali mbele yangu nami nikimfafanulia sala yake mwenyewe, sasa hakuwa na shaka tena. Tulipoondoka alinibebea mkoba kutoka kwenye benchi hadi garini, hatua sita.

Sharpstown

Tulifika Sharpstown, mtaa wa Houston, saa kumi na mbili jioni, jua bado kali. Nyumba za ghorofa mbilimbili, nguo kwenye vizuizi vya roshani, harufu ya vitunguu vya nchi nne kwa wakati mmoja. Mpango ulikuwa nilale kwa mama yake Deo, Mama Spesioza, asubuhi dada yake Jacqueline anifikishe chuoni akienda kwenye kazi yake ya hoteli. Nilikuwa nataka kuoga tu.

Mlango ulifunguliwa kabla hatujabisha. Sebule ilikuwa imejaa watu waliovaa mavazi ya Jumapili, siku ya Alhamisi. Katikati kulikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, juu yake bilauri ya maji na kalamu mpya, na kiti kimoja tu. Mama Spesioza, mwanamke mfupi aliyevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka kinang'aa, akanishika mikono yote miwili.

"Karibu mwanangu. Pole na njia. Kaa."

Nikakaa. Mgeni haulizi mbona kiti ni kimoja. Binti mkubwa wa Jacqueline, wa kama miaka kumi na miwili, akasimama mbele yangu.

"I only know it in English," akasema.

"It's okay," nikamjibu, bila kujua ni nini.

Akasema Baba Yetu kwa Kiingereza. Nikadhani ni sala ya kumkaribisha mgeni, nikafumba macho, mwishoni nikasema amina. Akaja mdogo wake na Amri Kumi, ambazo kwake zilikuwa nane. Nikapiga makofi. Nikajisemea, hawa watu wana dini jamani, sisi Waanglikana tumelala. Halafu akaja jirani, bwana mmoja mwenye suti na tai, akasimama wima, akasema Nasadiki yote bila kupumua, kisha akabaki pale akiitazama kalamu.

Hapo ndipo nilipoona. Meza moja, kiti kimoja, watu wamepangwa kwa nyumba zao, na kule jikoni masufuria yamefunikwa yakingoja tumalize. Nilikuwa nimeketi ndani ya sura ya tasnifu yangu mwenyewe. Nimesoma juu ya chumba kile miaka mitano na sikuwahi kujua kwamba mchungaji alikuwa anaona magoti ya watu yakitetemeka.

Nilitaka kusema palepale. Lakini Mama Spesioza alikuwa ameshavuta kigoda, amekaa kando yangu, na kufungua kitabu chake cha sala cha Kiswahili, jalada limeshonwa kwa uzi. Akaanza kusoma kwa sauti safi, bila kukwama, litania ndefu ambayo hata mimi mwenye shahada mbili ningejikwaa. Chumba kizima kikamjibu. Nami, kwa mazoea ya wodini, nikamtazama macho. Hayakuwa yanatembea. Yalikuwa yametulia ukutani, juu ya friji. Nikatupa jicho kwenye kitabu: maneno aliyokuwa anayasema yalikuwa ya ukurasa uliofuata.

Sikufikiri. Nilinyoosha mkono nikamgeuzia ukurasa.

Hakukatiza. Alimaliza litania, watu wakasema amina, kisha akaniinamia na kusema kwa sauti ya kunifikia mimi peke yangu: "Padri wetu wa zamani pale kambini alikuwa ananifanyia hivyohivyo."

Wapendwa, mficha uchi hazai. Nilisimama nikawaambia ukweli wote. Kwamba mimi si mkaguzi wala sijatumwa na parokia, tena si Mkatoliki. Kwamba watu wa daftari langu wamekufa zamani huko Ulaya. Kwamba sina alama ya kumpa mtu.

"Lakini Dada!" Deo akalalamika. "Ulisema unaanza na mama mzee!"

"Wa Uswidi, Deo!"

Jacqueline ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. "Mama ame-cook tangu jana," akasema. "Ame-clean mpaka chini ya friji. Mimi nimewanunulia watoto viatu!" Wengine wakafuata, isipokuwa bwana wa suti.

"Mimi nimeomba ruhusa kazini," akasema. "Warehouse wamenikata shifti nzima."

"Basi umesali," Mama Spesioza akamwambia. "Na chakula hakijasikia maneno haya. Funueni."

Tulikula isombe, yaani kisamvu chao, ndizi, wali, na wale dagaa niliosafiri nao siku nzima, na nawaambieni niliwasamehe. Bwana wa suti alipofika sahani ya pili naye akanisamehe.

Baada ya watu kutawanyika Mama Spesioza akanieleza, huku akipanga sahani, na ameniruhusu niwaandikie. Hakuwahi kwenda shule. Alishika sala kwa kusikia, akawa anaongoza kina mama pale kambini, na kitabu alikishika kwa sababu kiongozi lazima awe na kitabu. Padri yule alijua, akamgeuzia kurasa miaka yote. Alipohamishwa akaja mwingine, akafungua kitabu katikati akamwambia soma hapa. Tangu siku hiyo akaondolewa kwenye uongozi.

"Hakuwa mtu mbaya," akasema. "Alikuwa hajui tu."

"Mama, huoni haya nikiyasimulia mambo haya mbele ya watu?"

"Kwa umri huu haya yenyewe imechoka."

Nikamsimulia habari za Kerstin, kisha nikatandaza karatasi zangu juu ya kitambaa kile cheupe. Nilizijua kwa moyo, na usiku ule nilizisoma kama mtu mgeni. Mwaka alioingia mchungaji mpya, vijana wa kijiji walibaki na alama zao. Waliokuwa wameshuka ni Kerstin na wanawake wa rika lake, nyumba hii, ile na ile. Nilikuwa nimewaona zamani, nikaandika chini ya ukurasa kwamba moshi wa majikoni uliwaharibu macho wote. Mtoto wa jicho hashiki majirani wa rika moja kwa mwaka mmoja, nesi yeyote anajua. Nililijua hilo pia, ila nilikuwa nimezipenda kurasa zangu arobaini. Na kama mchungaji mpya angekuwa mkali tu, vijana nao wangeshuka. Walioshuka ni waliokuwa wameshika kwa kusikia, na ambao mtu fulani kwa miaka mingi alikuwa anawapokea hivyo.

Nililala vibaya sana. Kurasa zile ndizo nilizowatumia watu wa mahojiano.

Ijumaa, saa nne

Jacqueline alinishusha mlangoni saa tatu na nusu. "Sasa usiwaambie umekosea," akanishauri. "Hii nchi watu wana-hire confidence. Sema ile ya macho, upate nafasi, utarekebisha ukifika."

Lilikuwa shauri la mtu mwenye akili, na nilipanda ngazi nikilitafuna. Chumbani walikuwa watatu: mwanamume mmoja aliyeshika kalamu muda wote, mwingine kijana aliyetabasamu muda wote, na profesa mmoja mwanamke, Mswidi, nywele nyeupe, aliyekuwa na ile sura ya tasnifu yangu mbele yake, imejaa maandishi ya penseli. Wakaniambia nianze kwa kueleza hoja yangu ya macho.

Nikapiga moyo konde. Nikasema kurasa arobaini walizosoma zina kosa, na kwamba kosa hilo nimeligundua jana jioni.

Mwenye kalamu akaiweka chini. Nikawaonyesha safu za vijana na safu za kina mama. Nikawasimulia, bila kutaja jina, habari za mama mmoja na padri aliyemgeuzia kurasa.

Mwenye kalamu akasema jambo la Houston haliwezi kuthibitisha jambo la Uswidi. Nikasema ni kweli, halithibitishi. Lakini limeniambia nitafute nini: barua za mchungaji wa zamani, taarifa za askofu aliyemkagua, na vitabu vyenyewe, nione kama aliwasomesha watu kifungu kilekile kila mwaka.

Profesa Mswidi akavua miwani. "Na ukikuta kwamba alikuwa mzembe tu? Kwamba hakuwa akisikiliza?"

"Nitaandika kwamba alikuwa mzembe," nikasema. "Nitaumia, lakini nitaandika."

Akaandika kitu kwa penseli. Wakanishukuru. Nilipofika nje niligundua kwamba sikumbuki hata kama niliaga.

Kurudi

Nilirudi kwa basi mpaka Dallas, nikiwa na ndizi za Mama Spesioza zilizofungwa kwenye karatasi ya foili, na hita haikuwashwa. Nilimpa ndizi mbili jirani yangu wa kiti. Njiani nilikuwa na hakika nimeikosa nafasi, na ajabu ni kwamba sikujuta. Nilikuwa na hamu tu ya kufika nikae mezani niandike upya. Mwadime alinipokea kituoni, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Wiki mbili baadaye barua ikaja. Nimepata. Ninaondoka Januari, Mwadime na watoto watanifuata kiangazi shule zikifungwa, na wale mnaojua anavyopika naomba mpite pale nyumbani mara kwa mara. Niliisoma barua ile nimesimama katikati ya ukumbi wa wodi, na Deo aliyekuwa anapita na kitanda alisimamisha mgonjwa wa watu tukaruka wote wawili. Mgonjwa naye akatupongeza.

Jioni nikampigia Mama Spesioza. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka pia mtu wa kumwambia kwamba naogopa. Baridi, lugha ya vitabuni, miezi bila wanangu, na karatasi ambazo labda hazina kitu ndani.

"Utamkuta huyo mama mwenzangu?" akauliza.

"Nitakuta maandishi tu, Mama. Amekufa zamani."

"Najua amekufa. Anaitwa nani tena?"

"Kerstin."

Akalirudia mara mbili, tatu, mpaka mdomo wake ukalikubali. "Jumapili nitampeleka kwenye misa," akasema. "Nitamwombea kila Jumapili."

"Na mimi je, Mama? Mimi huniombei?"

"Wewe?" akasema. "Wewe uko hai, na macho unayo. Wewe soma."